Nani Anastahili Kuitwa Mwanamichezo Bora Kuliko Wote? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Katika Mdahalo Wetu wa Mikindani

Kijiwe chetu cha kahawa kipo Mikindani, mwendo mfupi kutoka Mtwara mjini, na kila Jumamosi baada ya alasiri hukutana hapo wavuvi, walimu, madereva wa bodaboda na wastaafu kama mimi kujadili swali moja ambalo halijapata kuisha. Kwa kuwa kila mgeni anayeketi kwenye benchi huanza na maswali yaleyale, niliombwa niyaandike pamoja na majibu yake, ili muda wetu utumike kubishania yale ambayo bado yanahitaji kubishaniwa. Pale ambapo jibu ni la kijiwe kizima nimeandika "sisi", na pale ambapo ni langu peke yangu nimesema hivyo waziwazi.

Kwa nini swali linasema "mwanamichezo" badala ya "mwanariadha"?

Kwa sababu maneno hayo mawili hayana maana moja, na nusu ya ugomvi wetu wa mwanzo ulitokana na kuyachanganya. Mwanariadha ni mtu wa kukimbia, kuruka na kurusha. Mwanamichezo ni yeyote anayeshindana kwa mwili wake, awe bondia, muogeleaji, mcheza tenisi au mlinda mlango. Jioni ya kwanza mzee mmoja alimtetea mkimbiaji Filbert Bayi kwa nusu saa, kijana mmoja akamtetea Lionel Messi kwa muda uleule, na adhana ya magharibi ilipoita ndipo tulipotambua kwamba kila mmoja alikuwa akijibu swali lake.

Neno "bora" nalo lina mipaka yake. Bingwa ni aliyeshinda siku fulani, na kesho taji laweza kwenda kwa mwingine. Mashuhuri ni anayejulikana na wengi, jambo linalotegemea redio na televisheni kama linavyotegemea misuli. Gwiji ni aliyedumu na kuheshimiwa. Sisi tunamtafuta aliyeufanya mchezo wake vizuri kuliko binadamu mwingine yeyote alivyowahi kuufanya mchezo wowote, na tunakiri kwamba hilo ni swali la ulafi.

Je, mchezaji wa bao anaweza kupendekezwa?

Hapana. Bao ni mchezo wa akili, na anayelicheza vizuri anastahili heshima yake, lakini mwili hauchoki kwa kutembeza kete. Wazee wawili hawajatusamehe kwa uamuzi huu.

Nani wa kwanza aliyeitwa bora kuliko wote?

Jina linalotajwa kila mara ni la Jim Thorpe, Mmarekani wa asili aliyeshinda mashindano mawili makubwa ya michezo mchanganyiko ya riadha katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, moja la michezo mitano na jingine la michezo kumi. Inasimuliwa kwamba Mfalme Gustav wa Tano wa Sweden alimwambia kuwa yeye ndiye mwanariadha mkubwa kuliko wote duniani, na tangu hapo desturi ya kumpa sifa hiyo mshindi wa michezo kumi imeendelea. Mwaka uliofuata alinyang'anywa medali zake kwa sababu aliwahi kulipwa fedha kidogo kwa kucheza besiboli, kosa ambalo kwa kijana wa leo halieleweki hata ukilieleza mara tatu. Familia yake ilirudishiwa medali miaka ya 1980, naye akatambuliwa tena kuwa mshindi pekee wa mashindano yale mwaka 2022, karne moja na ushei baada ya mbio zenyewe.

Je, hakuna chombo chenye mamlaka kilichokwisha kuamua?

Vipo vingi, na hapo ndipo penye tatizo. Karne iliyopita ilipokuwa ikifungwa, kila mwenye kalamu alitoa tuzo yake: jarida la Sports Illustrated na shirika la BBC walimchagua Muhammad Ali, shirikisho la riadha la dunia likawachagua Carl Lewis na Fanny Blankers-Koen, na FIFA, iliyotakiwa kumtaja mchezaji mmoja tu wa mpira, ikaishia kuwagawia heshima hiyo Pelé na Maradona. Iwapo FIFA ilishindwa kumpata mmoja ndani ya mchezo wake, hatuoni aibu kwa kijiwe kilichoshindwa kumpata mmoja katika michezo yote.

Kwa nini msihesabu medali tu na kumaliza maneno?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, hasa na vijana, na jina linalofuata huwa ni la Michael Phelps. Muogeleaji huyo wa Marekani ana medali 28 za Olimpiki, 23 kati yake zikiwa za dhahabu, na nane za dhahabu alizipata Beijing mwaka 2008 pekee. Hakuna mwanamichezo mwingine anayemkaribia. Kama swali lingekuwa nani ana medali nyingi, ukurasa huu ungekuwa na mstari mmoja.

Lakini tazameni namna medali zinavyogawiwa. Kuogelea kuna mtindo huru, kipepeo, chali na chura, kisha kuna mchanganyiko wa mitindo yote, kila mmoja kwa umbali zaidi ya mmoja, na juu ya hayo kuna mashindano ya kupokezana. Mtu mmoja mwenye mwili unaofaa aweza kuingia majini mara nyingi katika wiki moja na kutoka na medali kila mara. Mkimbiaji wa marathoni ana mbio moja tu kila baada ya miaka minne, na bondia ana uzito wake mmoja. Mcheza mpira akishinda Olimpiki anapata medali moja kwa jasho la siku zote za mashindano. Kulinganisha hesabu hizo ni sawa na kumlinganisha mwenye mikorosho mia na mwenye mikorosho mitatu kwa kuangalia magunia waliyopeleka ghalani, bila kuuliza kila mti ulizaa kiasi gani.

Lipo na jambo la pili, ambalo sisi wa pwani tunaliona kwa macho. Hapa watoto wanajitupa baharini kabla hawajajua kuandika majina yao, na wengine wanaogelea kuelekea mashua zilizotia nanga bila kuvuta pumzi kwa taabu. Lakini bwawa la mita 50 lenye njia zilizogawanywa kwa kamba na saa ya ukutani ni kitu ambacho wengi wao watakiona kwenye televisheni tu. Je, Phelps aliwashinda waogeleaji wote wa dunia, au aliwashinda wale waliofikiwa na mabwawa? Sisemi hivyo kumdharau, kwani hata kati ya wenye mabwawa hakutokea aliyemfikia. Nasema kwamba ukubwa wa ushindi unategemea pia idadi ya watu walioruhusiwa kuja kushindana.

Basi mnapima kwa vipimo gani?

Baada ya mabishano ya miezi kadhaa tulikubaliana juu ya vitatu. Cha kwanza ni pengo: mtu huyu aliwaacha wenzake wa wakati wake kwa umbali gani? Cha pili ni kurudia: je, aliweza kushinda tena baada ya kila mtu kumjua, kumsoma na kujiandaa dhidi yake? Cha tatu ni mlango: ni watu wangapi duniani walikuwa na nafasi ya kuingia katika mchezo huo?

Vipimo hivi huvutana. Chukueni mfano wa Don Bradman, Mwaustralia wa kriketi, ambaye katika mechi za kimataifa alikuwa na wastani wa mikimbio 99.94, ilhali wastani wa 60 hivi unatosha kumweka mtu miongoni mwa bora wa historia. Kwa pengo peke yake, sidhani kama yupo anayemshinda katika mchezo wowote. Ila katika zama zake kriketi ya kiwango hicho ilichezwa na nchi chache mno, karibu zote zikiwa chini ya himaya moja, na ndipo kipimo cha tatu kinapomrudisha nyuma. Yapo majina yanayofaulu mawili na kuanguka moja. Anayefaulu yote matatu ni nadra, na nitamtaja mbele.

Wachezaji wa mpira mmewaweka wapi?

Mkoa huu umekesha na kushinda Uwanja wa Nangwanda Sijaona, na jirani zetu wa Ruangwa wameiona Namungo ikifika mashindano ya Afrika, kwa hiyo hakuna anayeweza kutushutumu kwamba hatuupendi mpira. Hata hivyo mpira ni mchezo wa watu kumi na mmoja, na ubora wa mmoja umeshonwa ndani ya ubora wa wengine kiasi kwamba ukijaribu kuutoa unachanika. Pelé alitwaa Kombe la Dunia mara tatu, 1958, 1962 na 1970, lakini mwaka 1962 aliumia mapema na Brazil ikashinda bila yeye. Messi alikusanya tuzo nyingi za mchezaji bora, na bado hadi mwaka 2022 palikuwa na watu waliomwita pungufu kwa sababu Argentina haikuwa imetwaa Kombe la Dunia akiwa nayo. Kwa kipimo cha mlango mpira ni wa kwanza duniani. Kwa kipimo cha pengo hatuna saa wala utepe wa kupimia. Tumewatengea wachezaji wa mpira jioni yao wenyewe, na jioni hiyo kahawa huisha mapema.

Muhammad Ali anahesabiwa kwa ngumi zake au kwa misimamo yake?

Kwa ngumi kwanza. Alishinda dhahabu ya Olimpiki Roma mwaka 1960, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1964 kwa kumpiga Sonny Liston, akaurudisha ubingwa Kinshasa mwaka 1974 kwa kumwangusha George Foreman ambaye wengi walihofia angemuumiza, kisha akautwaa mara ya tatu mwaka 1978. Kati ya mwaka 1967 na 1970 hakupigana kabisa kwa sababu alikataa kwenda vitani Vietnam na akanyang'anywa ubingwa na leseni. Alikuwa na umri wa miaka 25 alipozuiwa na 28 aliporudi, miaka ambayo bondia huwa katika nguvu zake zote. Anayemtetea Ali kwa mapambano aliyopigana anasahau kutaja yale ambayo hakuruhusiwa kupigana, na hayo kwangu yana uzito.

Kuhusu misimamo, kipo kisa kinachotuhusu sisi Watanzania na ambacho vijana wengi hawajakisikia. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Ali barani Afrika kuzishawishi serikali zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya majeshi ya Kisovyeti kuingia Afghanistan. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Watu walimuuliza kwa nini Marekani iliyokuwa ikiomba kuungwa mkono haikuwaunga mkono Waafrika waliposusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini, naye akakiri kwamba hakuwa na habari ya jambo hilo. Alionekana wazi kuwa ametumwa mzigo ambao hakuonyeshwa kilichomo ndani. Wazee wa kijiweni wanaompenda Ali, nami ni mmoja wao, hukitaja kisa hiki kwa sauti ya chini, lakini hukitaja. Tanzania ilikwenda Moscow, Kenya haikwenda, na matunda ya safari hiyo tutayaona katika swali la Watanzania.

Inawezekanaje kuwalinganisha watu ambao hawakuishi wakati mmoja?

Haiwezekani kwa saa peke yake. Jesse Owens alipotwaa dhahabu nne Berlin mwaka 1936, alikimbia juu ya njia ya masizi ya makaa yaliyosagwa, na mahali pa kuanzia palikuwa vishimo ambavyo wakimbiaji walijichimbia kwa mwiko mdogo. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa peku kwa saa 2:15:16, akarudi kushinda Tokyo mwaka 1964 kwa saa 2:12:11, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Leo viatu vya marathoni vina bamba la kaboni na soli nene yenye kurudisha nguvu ya hatua, na muda wa Bikila hauwezi tena kushinda mashindano makubwa.

Eliud Kipchoge naye ametuletea mtihani wa aina yake. Tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40, akiwa amezungukwa na waongoza kasi waliopokezana na gari lililomulika mstari wa kufuata. Muda huo haukuingizwa katika rekodi, na ni haki, maana hayakuwa mashindano. Rekodi ya Kelvin Kiptum ya saa 2:00:35, aliyoiweka Chicago mwaka 2023 miezi michache kabla ya kufariki, ilipatikana barabarani miongoni mwa wapinzani, na kwa hiyo sisi tunaihesabu kuwa nzito zaidi ya ile ya Vienna. Utaratibu wetu ni kumpima kila mtu dhidi ya waliosimama naye mstarini. Hatumwombi Owens akimbie na kiatu cha leo, wala hatumwombi kijana wa leo achimbe kishimo.

Kwa nini wanawake hutajwa mwishoni, kama hapa?

Swali hili liliulizwa na binti mmoja wa chuo cha ualimu, na lilitunyamazisha. Jibu la kweli ni kwamba mazoea yetu ni mabaya. Jibu la pili ni kwamba mlango ulifungwa kwa makusudi. Baada ya Olimpiki ya 1928 mbio za mita 800 za wanawake ziliondolewa na hazikurudi hadi 1960, kwa hoja kwamba mwanamke hawezi kuzihimili, na marathoni ya wanawake haikuwamo katika Olimpiki hadi 1984. Kwa mwanamke wa Kimakonde anayebeba kuni na mtoto mgongoni akipanda mlima wa Newala, hoja hiyo ni kichekesho.

Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi alikwenda London mwaka 1948 akiwa na miaka 30 na watoto wawili, magazeti yakimwambia abaki nyumbani, akarudi na dhahabu nne. Wakati ule alikuwa pia akishikilia rekodi za dunia za kuruka juu na kuruka chini, michezo ambayo hakushiriki huko. Serena Williams ana mataji 23 makubwa ya tenisi ya mchezaji mmoja mmoja, na lile la Australia la mwaka 2017 alilitwaa akiwa mjamzito. Lakini mwanamke ambaye kwangu anakaribia kabisa kukidhi vipimo vyote ni Faith Kipyegon wa Kenya: dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 2016, akajifungua mwaka 2018, kisha dhahabu nyingine Tokyo na nyingine tena Paris mwaka 2024, jambo ambalo hakuna mwanamume wala mwanamke aliyewahi kulifanya katika mbio hizo. Julai 2025 aliishusha rekodi yake mwenyewe hadi dakika 3:48.68. Bado anakimbia, na hilo ndilo linalonizuia kumhukumu.

Waliotumia dawa za kuongeza nguvu wanajadiliwa?

Hawajadiliwi. Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79 Seoul mwaka 1988 na siku tatu baadaye akafutwa. Ugumu upo kwa yule anayeadhibiwa kwa kosa la mwenzake: Usain Bolt alirudisha medali moja ya dhahabu ya kupokezana vijiti ya mwaka 2008 kwa sababu mwenzake mmoja alipatikana na dawa, na ndiyo maana ana dhahabu nane za Olimpiki badala ya tisa. Kwetu hilo halimchafui.

Na katika Watanzania, nani bora kuliko wote?

Hapa sauti hupanda. Majina manne hutajwa: Filbert Bayi, Suleiman Nyambui, Juma Ikangaa na Alphonce Simbu. Jina la tano ni la John Stephen Akhwari, nalo lina mahali pake.

Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, lakini anakumbukwa zaidi kwa Boston, alikokuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, na mwaka 1988 aliachwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Simbu alipata shaba ya dunia London mwaka 2017, kisha Septemba 2025 huko Tokyo akatwaa dhahabu ya dunia ya marathoni, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiandikiwa muda uleule wa saa 2:09:48. Picha ya mstarini ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Anayekumbuka Boston ya 1988 ataelewa kwa nini baadhi ya wazee walilia siku ile.

Mimi bado namchagua Bayi, na vijana wanaponizomea huwaeleza hivi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, desturi ya mbio za mita 1,500 ilikuwa kuviziana hadi mzunguko wa mwisho. Bayi alitoka mbele bunduki ilipolia na hakurudi nyuma tena. John Walker wa New Zealand, mbele ya watu wa kwao, alimkimbiza hadi mwisho na hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia, na Walker aliyekuwa wa pili naye alikuwa amevunja rekodi ya zamani. Rekodi ile ya dunia ilidumu hadi 1979, na ile ya michezo ya Madola hadi 2022, miaka 48. Mwaka 1975 huko Kingston akaongeza rekodi ya maili, dakika 3:51.0.

Kisha ikaja Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikasusia, na Bayi hakukimbia. Walker alishinda dhahabu ile ya mita 1,500 kwa dakika 3:39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Ni kweli kwamba mbio za fainali huwa za kuviziana na muda wake hauwi mzuri. Lakini nani angevizia kama Bayi angekuwepo? Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi aliongoza mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita mzunguko wa mwisho, akabaki na fedha. Nyambui akapata fedha ya mita 5,000, chini ya sekunde moja nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hadi kufikia Paris 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania, na zote zinatokana na safari ambayo Ali alitumwa kuizuia.

Akhwari hatumweki katika mizani hii. Mwaka 1968 huko Mexico City aliumia goti, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, na alipoulizwa akajibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio bali kuzimaliza. Hilo ni jambo jingine lisilohitaji kushindanishwa na rekodi ya mtu.

Mbona hakuna jina hata moja kutoka Mtwara au Lindi?

Bayi ni wa Karatu, Akhwari wa Mbulu, Simbu wa Singida: wote ni watu wa nyanda za juu, ambako hewa ni nyembamba na mwili hujizoesha kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Sisi tuko usawa wa bahari, kwenye joto na unyevu, na kijana wa Chuno au wa Lindi mjini anayetaka kukimbia marathoni anaanza akiwa na deni.

Lakini wanaotumia hoja hiyo kama udhuru wa kulala nawaambia waitazame Jamaika. Nayo ina bahari, joto, minazi na watu wasio matajiri. Bolt alizaliwa katika kijiji cha ndani cha Trelawny, akagunduliwa shuleni, na akiwa na miaka 15 alishinda mita 200 za mashindano ya vijana ya dunia mjini Kingston mwaka 2002. Mashindano ya shule za sekondari ya kisiwa kile yamekuwapo tangu 1910, na uwanja hujaa kama hapa unavyojaa Simba au Yanga wanapokuja. Mbio fupi hazihitaji mlima. Mtwara imewahi kuwa mwenyeji wa UMITASHUMTA na UMISSETA za kitaifa, yaani michezo ya shule za msingi na za sekondari, nami niliyeshika saa ya mkononi kwa miaka mingi kwenye viwanja vya shule nimeona watoto wa Tandahimba na Nachingwea wakikimbia peku mita 100 kwa namna iliyonifanya nibonyeze saa mara mbili nikidhani imeharibika. Wakimaliza shule hakuna anayewauliza walikokwenda.

Wewe mwandishi unamchagua nani?

Usain Bolt. Kwa kipimo cha mlango, hakuna mchezo ulio wazi kama kukimbia kutoka hapa hadi pale. Kila mtoto duniani amewahi kushindana na mwenzake hadi kwenye mti, na asilimia kubwa wameshindwa, na ndivyo tulivyopata wachache wa kukimbia mbele ya dunia. Kwa kipimo cha pengo, tarehe 16 Agosti 2009 mjini Berlin aliipunguza rekodi ya mita 100 kutoka 9.69 hadi 9.58, katika mbio ambazo watu husherehekea sehemu moja ya mia ya sekunde. Siku nne baadaye akaipunguza ya mita 200 kwa kiasi hichohicho, hadi 19.19. Kwa kipimo cha kurudia, alishinda zote mbili katika Olimpiki za 2008, 2012 na 2016, na fainali ya dunia aliyopoteza katikati, ya mita 100 Daegu mwaka 2011, aliipoteza kwa kuondoka kabla ya mlio.

Wa pili kwangu ni Ali, kwa sababu ya ile miaka mitatu. Moyo wangu uko kwa Bayi, lakini moyo haukuwekwa kwenye vipimo.

Mgeni anaweza kushiriki?

Anakaribishwa. Atakayempendekeza mtu aje na mwaka, mahali na muda au matokeo, na asimtukane anayependekezwa na mwenzake. Mdogo humpisha mkubwa kuanza kusema, ila mkubwa naye akizidi dakika tano kahawa yote ya jioni hiyo ni juu yake. Kuanzia Oktoba hatuna uhakika wa kukutana, kwa kuwa wengi huwa mashambani wakiokota korosho au ghalani wakisubiri mnada, na mwenye benchi mwenyewe ana ekari nne Nanyamba.